Kipimajoto Namba Tatu

Maziwa ya mama mkwe yalikatika Jumanne asubuhi, na kwa dakika nzima watu wa nyumba ile walisimama kimya mbele ya sufuria kama waombolezaji waliofika msibani bila kujua marehemu ni nani. Maziwa hayo yalikuwa yamelala kwenye friji tangu jana yake. Sasa yalielea vipande vipande juu ya jiko, na mama mkwe, aliyeyanunua kwa ajili ya chai yake mwenyewe, alikuwa ameinua mwiko kama hakimu anayekaribia kutoa hukumu.

"Friji hii haigandishi, haipoozi, haifanyi lolote," alisema. "Inanguruma tu. Kama baadhi ya watu."

Hao baadhi ya watu walikuwa mtu mmoja, naye alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Alikuwa dereva wa trela la baridi, mwaka wake wa kumi na mbili kazini, na wenzake walimwita Hasi kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi tatu bila kulitaja neno hilo. Kuku hasi kumi na nane. Aiskrimu hasi ishirini na tano. Ukimuuliza habari za nyumbani alikujibu, "Salama, chini ya sifuri," kisha akacheka peke yake. Kumwambia mtu kama huyo kwamba friji yake haina baridi ni sawa na kumwambia mwalimu wa hesabu kwamba mwanawe hajui kuhesabu vidole.

"Mama," alisema, kwa upole wa mtu anayeuma meno, "friji hii iko kwenye nne. Niliiweka mimi mwenyewe."

"Nne umeiona wapi?"

"Kwenye kitufe. Nilikizungusha mpaka nne."

"Kitufe kimeandikwa moja mpaka saba, mkwe wangu. Hata redio yangu ina kitufe cha moja mpaka saba. Nayo haigandishi."

Mkewe aligeukia ukutani ili acheke kwa adabu. Hasi aliona mabega yake yakitikisika, na hapo ndipo jambo lilipotoka kwenye maziwa likawa la heshima ya mwanamume. Alifungua mkoba wa kazini, akatoa kipimajoto. Kilikuwa chombo kidogo chenye sindano ya chuma ndefu kuliko kidole na kioo cha tarakimu, na mgongoni kilikuwa na kibandiko: MALI YA KAMPUNI. NAMBA 3. Alikichomeka kwenye jagi la maji ndani ya friji, akafunga mlango, akakunja mikono. Wote watatu wakasubiri. Alipofungua, kioo kilisoma kumi na nne.

"Kumi na nne," alisoma mama mkwe, polepole, kama anayeonja asali.

"Hakijatulia," alisema Hasi. "Vyombo hivi vinataka muda. Kiacheni humo mpaka nirudi. Mtaona nne yenu."

"Lakini si cha kazini hicho?" aliuliza mkewe.

"Leo napakia kuku tu. Kuku nawajua."

Akatoka. Watu wazima wamewahi kupoteza kazi kwa sababu ya ulevi, wizi na kulala kwenye usukani. Hasi aliianza safari yake ya kumwaga unga kwa sababu ya jagi la maji.

*

Haki itendeke: katika kuliandaa trela, Hasi hakuwa na mpinzani. Aliliwasha likiwa tupu, akalipooza mpaka hasi kumi na nane, kwa sababu ukimpakia kuku wa barafu kwenye trela la moto umempeleka kwenye mvuke. Milango ilipofunguliwa kwa ajili ya kupakia alizima mashine ya baridi, isije ikavuta hewa ya nje na kuota barafu kwenye mabomba yake. Alifagia mifereji ya sakafu inayopitisha baridi. Na kama kawaida yake aliwapa somo wapakiaji, ambao walikuwa wamelisikia mara mia moja.

"Namba unayoiweka kwenye mashine ni ombi. Jibu linatoka kwenye kipimajoto. Na trela halitengenezi baridi, linaitunza. Mkinipa kuku vuguvugu nitafika na kuku vuguvugu."

"Amina," alisema mnyapara wa mizigo kutoka kitini kwake. Mnyapara huyu alikuwa mtu wa tumbo na kofia, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa mahali ambapo wengine wanafanya kazi. "Sasa pima, utie saini, uondoke. Kuna wengine wanasubiri."

Sheria ilikuwa rahisi. Kabla ya kutia saini, dereva anachoma katoni tatu kwa sindano ya kipimajoto, ya mbele, ya katikati na ya mlangoni, kisha anaandika alichokiona. Hasi akaingiza mkono mkobani. Mkono ukazunguka humo kama mgeni anayetafuta choo. Ukakuta kalamu, ukakuta taulo, ukakuta chungwa.

Angeweza kuomba kipimajoto kingine. Lakini Namba Moja ilikuwa imepotea tangu zamani, na Namba Mbili ilikuwa mezani kwa mkurugenzi, ambako ilitumika kuwavutia wageni. Kumwomba mkurugenzi kungemaanisha kueleza Namba Tatu ilikuwa wapi. Hasi aliiwazia sentensi hiyo, yenye friji ndani yake na mama mkwe ndani yake, akaona bora mkono. Akabonyeza katoni moja pembeni. Pembe ikabonyea.

"Mbona laini kidogo?"

"Laini ni ya katoni, siyo ya kuku," alisema mnyapara. "Kipimajoto chako kinasemaje?"

Hasi akakohoa. "Kinasema... kawaida."

"Basi andika kawaida. Tangu nianze kazi hapa sijawahi kuona karatasi yenye namba nyingine."

Hasi akaandika hasi kumi na nane mara tatu, kwa mwandiko mzuri, kama mtoto anayenakili kutoka kwa jirani. Wakati wino unakauka, mnyapara aligundua kuwa zimebaki katoni arobaini, akaamuru zisukumwe juu ya zingine, zikapita ule mstari mwekundu wa ukutani unaosema mzigo usizidi hapa, zikagusa dari. Hasi aliufungua mdomo kusema. Halafu akakumbuka mkoba wake, akaufunga.

*

Njiani dhamiri ilimpanda. Aliendesha saa mbili, na kila aliposhika usukani kidole kiliikumbuka ile pembe ya katoni. Aliposimama kujaza mafuta alikwenda kwenye kioo cha mashine na kufanya jambo ambalo angemkemea dereva yeyote mchanga akilifanya: aliishusha namba kutoka hasi kumi na nane hadi hasi ishirini na nane, akitumaini trela litamalizia kazi ambayo chumba cha baridi cha kampuni hakikuifanya.

Trela halitengenezi baridi, linaitunza. Alilijua hilo kuliko alivyojua siku ya kuzaliwa ya mkewe. Lakini hofu ikimkaa mtu, elimu hushuka kituo cha nyuma.

Baridi ilitoka mbele kwa nguvu, ikakutana na ukuta wa katoni uliogusa dari, ikakosa njia ya kwenda nyuma. Kuku wa mbele wakawa matofali. Wa mlangoni wakaanza kutokwa jasho. Mashine nayo, iliyolazimishwa bila kupumua, ikaota barafu kwenye mabomba mpaka ikawa inapuliza pumzi ya mzee.

Kwenye ghala la mnunuzi alipokelewa na mkaguzi, mwanamke mwembamba mwenye koti kubwa, chaki nyekundu sikioni na kipimajoto chake mwenyewe kilichofungwa shingoni kwa kamba. Alichoma katoni ya mlangoni.

"Hasi nne," alisema. "Kaka, hawa ukiwaita wataitika."

"Dada, mbele wako vizuri. Njoo uone mbele."

"Nimeagiza trela zima, sikuagiza mbele." Akazisoma kumbukumbu za mashine, nyusi zikapanda. "Ishirini na nane? Nani alikutuma?"

Hasi alitazama viatu vyake. Vilikuwa vimefungwa vizuri sana.

Mkaguzi akaitoa chaki sikioni na kuanza kuchora msalaba kwenye kila katoni ya mlangoni na ya katikati. Alichora bila haraka, kama mwalimu anayesahihisha darasa ambalo lote limefeli. Mzigo wote ukarudi ulikotoka.

*

Barua ilimfikia Hasi kesho yake, na mkewe akaisoma kwa sauti kwa sababu mwenyewe alidai miwani imepotea. Ilikuwa kwenye paji la uso wake.

"'Uliagizwa uweke nyuzi hasi kumi na nane. Kwa kiburi chako ukaweka hasi ishirini na nane, ukaharibu mashine na mzigo wa mteja. Mzigo ulitoka kwetu ukiwa salama, kama saini yako inavyothibitisha mara tatu.'" Mkewe akageuza ukurasa. "'Ijumaa saa nne ufike mbele ya mkurugenzi na mteja, utie saini ungamo lililoambatanishwa. Ukitia saini, utahamishiwa kazi ya kufungua geti. Usipotia saini, utafukuzwa. Tafadhali urudishe kipimajoto Namba Tatu.'"

"Geti," alisema Hasi.

"Geti si mbaya," alisema mkewe, kwa sauti ya mtu anayesifu jeneza. "Kuna kivuli."

"Miaka kumi na mbili, mama watoto. Nikawafungulie geti wale niliowafundisha kupooza trela! Watakuwa wananipigia honi."

"Lakini mzigo ulikuwa salama au haukuwa?"

Hasi akaeleza yote: mkoba, pembe ya katoni, kawaida, dari. Alieleza kwa sauti ya chini ili mama mkwe asisikie, na mama mkwe, aliyekuwa nyuma ya pazia la mlango, alisikia kila neno.

Tangu Jumanne bibi huyo alikuwa amekichukua kipimajoto kama mjane anavyochukua usukani wa familia. Alijua joto la kila kitu. Maji yake ya kuoga yalikuwa thelathini na tisa. Chai, sitini na mbili. Chumba cha mkwewe, ishirini na nane, "ndiyo maana analala sana." Friji alikuwa ameipima asubuhi, mchana na jioni: kumi na nne, kumi na nne, kumi na tano. Aliingia ameshika chombo hicho mbele yake kama mshumaa.

"Kwa hiyo ulitia saini kitu ambacho hukukipima."

"Mama, haya ni mambo ya kazi."

"Ni yaleyale ya maziwa yangu. Kwangu ulisoma kitufe, kwao ulisoma uso wa mnyapara." Akaketi. "Mimi nitakirudisha chombo hiki kwa mkono wangu. Mimi ndiye niliyekaa nacho. Nikifika huko nitaomba kuku wao wapimwe. Lakini kwanza nataka karatasi."

"Karatasi gani?"

"'Friji ya nyumba hii ina nyuzi kumi na nne.' Jina lako, tarehe, saini. Kama unavyowaandikia wao."

"Mama, wewe ni mzazi wangu, nakuheshimu, lakini hilo siwezi."

"Basi nenda kafungue geti."

Alhamisi yote hawakusemezana. Hasi alizunguka friji. Aliisogeza mbali na ukuta, akafuta vumbi la nyuma, akakizungusha kitufe mpaka saba, akamwomba mkewe kwa ishara amletee kipimajoto. Mkewe akamjibu, kwa sauti kubwa kabisa, kwamba kinapima supu. Alasiri akaupapasa mpira wa mlango wa friji, akaukuta umepasuka urefu wa kiganja. Akauchungulia mpasuko ule kwa muda mrefu. Baridi ilikuwa inatokea hapo, nyembamba, inamwangukia kwenye vidole vya miguu, na huenda ilikuwa inatokea hapo tangu mwaka juzi.

Akaomba kalamu.

*

Ijumaa saa nne ofisi ya mkurugenzi ilikuwa imepangwa kama mahakama yenye soda. Mkurugenzi, mwenye suti ya rangi ya majivu, alikaa nyuma ya Namba Mbili iliyong'arishwa. Mnyapara alikuwa amevua kofia kwa mara ya kwanza mwaka ule, na kichwa chake kilionekana kushangaa. Mkaguzi wa mnunuzi alikaa pembeni na koti lake magotini. Ungamo lilikuwa mezani na kalamu juu yake.

Hasi aliingia, nyuma yake mkewe, nyuma yao mama mkwe ameshika kifurushi cha taulo.

"Hiki ni kikao cha kazi," alisema mkurugenzi. "Familia isubiri nje."

"Sikuja kukaa, baba," alisema mama mkwe, akakifungua kifurushi. "Nimeleta mali ya kampuni. Barua imesema irudishwe. Lakini kitu cha watu hakirudishwi kabla hakijaonekana kuwa ni kizima, msije mkasema bibi amekivunja. Hapa ofisini pana joto. Mna mahali penye baridi?"

Mkurugenzi alimtazama mkaguzi, akaona nafasi ya kujipamba. "Mama, uko kwenye kampuni ya baridi! Mpelekeni kwenye chumba chetu akaone hasi kumi na nane kwa macho yake. Na wewe dada njoo, uone mzigo unatokea wapi."

"Mzee," alisema mnyapara haraka, "pale sakafu ina utelezi..."

"Mama atashikwa mkono."

Wakaenda wote. Juu ya mlango wa chumba cha baridi tarakimu nyekundu ziliwaka: −18. Mkurugenzi akazionyesha kwa mkono uliofunguka, kama anayemtambulisha bwana harusi.

"Hiyo ndiyo mliyoiomba," alisema mama mkwe. "Mkwe wangu anasema jibu linatoka kwenye hiki." Akaingia na kanga yake mabegani, akaitafuta katoni iliyo karibu, akaichoma. Akasubiri kwa utulivu aliousomea kwa siku tatu kwenye friji yenye kumi na nne.

"Hasi sita."

"Kimeharibika!" alisema mnyapara. "Bibi amekipikia supu!"

Mkaguzi akasogea karibu. Alikivua kipimajoto chake shingoni, akakichomeka kwenye tundu lilelile. Hasi sita. Akachoma nyingine. Hasi saba. Akaigeuza katoni ya tatu ili aone upande wa pili, akasimama. Upande ule ulikuwa na msalaba mwekundu wa chaki. Na ya chini yake pia. Na ya chini yake. Kuku aliowakataa Jumanne walikuwa wamepangwa upya mstari mzima, misalaba imegeuziwa ukutani kama wanafunzi walioadhibiwa, na juu yao kulikuwa na karatasi mpya ya mzigo. Jina la mpokeaji lilikuwa la ghala lake. Sehemu tatu za nyuzi zilikuwa zimekwisha kujazwa, hasi kumi na nane, hasi kumi na nane, hasi kumi na nane, na sehemu ya saini ya dereva tu ndiyo ilikuwa wazi.

"Hawa mlikuwa mnawaleta lini?" aliuliza mkaguzi.

"Mlango... unafunguliwa sana," alisema mkurugenzi.

"Kwa hiyo dereva huyu hana kosa," alisema mkewe Hasi, na hapo ingekuwa imekwisha vizuri.

"Ninalo," alisema Hasi.

Mkewe akamkanyaga mguu. Lakini mtu aliyekwisha kuandika kumi na nne na kuweka saini chini yake ameshavua viatu. Mto uliobaki si kitu.

"Mimi sikupima. Niliandika kumi na nane kwa kubonyeza pembe. Halafu nikaishusha mashine nikijua haisaidii. Kipimajoto kilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya friji, kinapima maziwa ya mama mkwe."

Mkaguzi akakirudisha kipimajoto chake shingoni. "Miaka minne napokea karatasi za hapa," alisema. "Zote zinasema kumi na nane. Huyu ndiye mtu wa kwanza kunitajia namba nyingine." Akamgeukia mkurugenzi. "Geti mtafutie mwingine. Mzigo wangu ataleta huyu, kwa namba alizopima yeye. La sivyo nanunua kwingine."

Mnyapara akavaa kofia yake taratibu.

*

Ungamo lilichanwa. Kwa kuwa kampuni haiwezi kuachia tukio bila kumwadhibu mtu, Hasi alipewa onyo la maandishi kwa kosa la kuhamisha chombo cha kazi kwenda makazi binafsi. Na ili jambo hilo lisitokee tena, mkurugenzi aliagiza kipimajoto Namba Tatu kifungwe kwa mnyororo kwenye meza ya mnyapara. Mnyororo ulikuwa na urefu wa mita moja. Kutoka mezani hadi kwenye trela ni hatua arobaini na tatu. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Hivyo Jumatatu madereva walionekana wamepanga mstari juani, kila mmoja na katoni ya kuku begani, wanakipelekea kipimajoto mzigo kwa kuwa kipimajoto hakiwezi kuufuata. Hasi alikuwa wa kwanza. Alichoma, akasubiri, akaandika hasi tisa, akaweka saini.

Mnyapara akaisoma karatasi kama aliyetukaniwa mama. "Hii namba gani?"

"Ndiyo iliyopo."

"Sasa mzigo hautoki!"

"Hautoki," alikubali Hasi, akairudisha katoni begani na kuanza kuzihesabu tena hatua arobaini na tatu. Trela likazimwa, tupu na safi, likisubiri chumba cha baridi kipate baridi.

Alifika nyumbani mapema kuliko siku yoyote ya miaka kumi na mbili. Kwenye mlango wa friji ilikuwepo karatasi yake, imebandikwa kwa utepe pembe zote nne: kumi na nne, jina, tarehe, saini. Fundi wa mpira alikuwa aje Jumamosi. Mama mkwe alikuwa mezani na chai ya rangi.

"Umeandika ngapi leo?"

"Tisa, Mama."

"Umepima?"

"Nimepima."

Akamimina kikombe cha pili, akakisukuma kuelekea kwake. Hasi akaketi, na kwa mazoea ya miaka mingi akasema, "Hii itakuwa sitini hivi."

Mama mkwe akakifunika kikombe kwa kiganja, akamtazama.

Chombo kilikuwa kazini, kimefungwa mnyororo. Hasi akakivuta kikombe kutoka chini ya kiganja kile, akanywa funda zima, akaungua ulimi mpaka machozi yakamtoka.

"Ni ya moto," alisema.

"Hiyo naiamini," alisema mama mkwe, akamsogezea sukari.